RELI YA MKOPO: MIZIGO ITATOKA WAPI?

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Kericho, na mfanya kazi wa idara ya njia ya reli. Imechapwa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.

 

Kamati imeniomba niseme juu ya mikopo ya nchi za nje inayojenga reli na barabara zetu. Mimi si mtu wa benki. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni mataruma, kokoto na chuma. Lakini deni hili tunalilipa sisi sote, na mtu anayelipa deni ana haki ya kulisoma. Mwezi wa Novemba 2022 Serikali ilitoa hadharani baadhi ya karatasi za mkopo wa Reli Mpya, ile iitwayo SGR, nami nimezisoma polepole, kamusi ikiwa mezani. Nitawaelezeni niliyoyaona.

Jambo hili limefika mlangoni petu. Reli Mpya ilisimama karibu na Naivasha mwaka 2019. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba itaendelea mpaka Kisumu na Malaba, na njia iliyochorwa yapita Narok na Bomet. Wengi mlioketi hapa mna shamba Bomet, au mama zenu wanalo. Basi msiseme kwamba hayo ni mambo ya Nairobi.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mkopo wa nafuu ni mkopo wenye riba ndogo kuliko ya sokoni, wenye muda mrefu wa kulipa, na wenye miaka ya kwanza ya kupumua ambayo hulipi ila riba. Ni kama mwenye duka akuambiaye, "Chukua mabati sasa, anza kulipa mwaka wa nane." Mtu akisikia hivyo hufurahi, wala si kosa kufurahi. Lakini mtu mwenye akili hujiuliza: mwenye duka huyu hapati faida yake katika riba, basi anaipata wapi? Labda fundi wa kupiga mabati ni lazima awe ndugu yake. Labda misumari ni lazima itoke katika duka lake. Labda ameandika mahali fulani kwamba kila gunia la mahindi litakalotoka katika nyumba hiyo litapita kwenye mizani yake. Hayo hayamo katika riba, nayo yana bei.

Sasa tuitazame Reli Mpya. Mwezi wa Mei 2014 Kenya na benki ya China iitwayo Exim zilitia sahihi mikataba ya reli ya Mombasa mpaka Nairobi. Katika kila shilingi 100 za kazi, China ilikopesha 85 na Kenya ikatoa 15. Wengi wetu tuliambiwa kwamba ni mkopo wa nafuu. Kweli ilikuwa nusu tu. Ilikuwa mikopo miwili, kila mmoja kama dola bilioni 1.6. Wa kwanza ulikuwa wa nafuu kweli: riba ya 2 kwa 100, miaka 20 ya kulipa, na 7 ya mwanzo ya kupumua. Wa pili ulikuwa wa biashara: miaka 15, kupumua miaka 5, na riba ya 3.6 kwa 100 juu ya kipimo cha bei ya fedha cha London.

Hicho kipimo cha London ndicho kilichotuuma. Mwaka 2014 kilikuwa chini ya nusu shilingi kwa 100, kwa hiyo riba yote ilikuwa kama 4. Mwaka 2023 bei ya fedha ya dunia ilikuwa imepita 5 kwa 100, na riba ile ile, kwa mkataba ule ule, ikawa karibu 9. Hakuna mtu wa Kenya aliyebadili neno hata moja. Mkopo ulikua wenyewe kama magugu baada ya mvua.

Tena, deni lilikuwa la dola. Mwaka 2014 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 87 hivi. Mwanzo wa mwaka 2024 ilifika kama shilingi 160. Aliyekopa dola 1,000 alikuwa na deni la shilingi 87,000, akaamka siku moja akakuta ni 160,000, wala hakuongeza dola moja. Baadaye shilingi ilipata nguvu kidogo, dola ikarudi kwenye 129 au 130, lakini haikurudi pale pa kwanza.

Hapa nawaomba wachumaji wasikilize sana. Mnajua chai yenu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na bei ya pale huhesabiwa kwa dola. Mwaka 2023 chai ya Kenya iliyouzwa nje ilileta kama shilingi bilioni 180. Ni moja ya milango michache ambayo dola huingilia nchini. Mlango wa kutokea ni deni. Majani mawili na chipukizi mnayochuma kule Kericho asubuhi yenye baridi ndiyo yanayonunua dola, na dola hizo ndizo zinazokwenda kulipa chuma. Mchumaji hakutia sahihi mkataba wa mwaka 2014, lakini kikapu chake kimo ndani yake.

Mwezi wa Oktoba 2025 Hazina ilisema kwamba mikopo mitatu ya reli imegeuzwa kutoka dola kuwa yuan, yaani fedha ya China, na kwamba nchi itapunguza malipo kwa kama dola milioni 215 kila mwaka. Hilo ni jema na aliyelifanya asifiwe. Lakini yuan nayo si fedha yetu. Chai huuzwa kwa dola. Sasa itatubidi kununua yuan kwa dola hizo. Ikipanda yuan, tutajua.

Kuna na ushuru wa reli. Toka mwaka 2013 kila kitu kinachoingizwa nchini kwa matumizi ya hapa kilitozwa 1.5 kwa 100 ya thamani yake kwa ajili ya reli; kiwango hicho kimepanda na kushuka, na mwezi wa Desemba 2024 kiliwekwa kuwa 2 kwa 100. Mtu wa Sotik aliyenunua simu amechangia reli, hata kama hajapata kuiona.

Nimesema juu ya fundi na misumari. Karatasi zilizotolewa zinasema vifaa vya kazi vinunuliwe China kwanza. Zinasema sheria itakayotumika ni ya China, na ugomvi ukitokea utaamuliwa na baraza la usuluhishi huko Beijing. Zinasema mambo ya mkataba yawe siri. Nao uchunguzi wa kujua kama reli hii inafaa au haifai ulifanywa na kampuni ya China Road and Bridge, kwa gharama yake yenyewe, baada ya mapatano ya mwaka 2009. Na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kupewa kazi ya kujenga. Mimi nauliza kama fundi: nikienda kwako kukagua nyumba, nawe ukijua kwamba nikisema "ibomolewe" ndimi nitakayeijenga upya, utaamini jicho langu?

Jambo hilo lilipelekwa kortini. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kampuni haikuchaguliwa kwa kufuata sheria. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema sheria haikuvunjwa, kwa sababu mkopo ulikuwa wa mapatano baina ya serikali mbili, na sheria ya ununuzi ya wakati ule iliacha nafasi kwa mikopo ya namna hiyo. Sitaki kubishana na majaji. Nataka tu mwone kwamba mkopo ndio uliofungua mlango huo: anayetoa fedha ndiye aliyemchagua mjenzi, na sheria ikamruhusu.

Lakini haya yote, riba, dola, fundi na misumari, ni madogo kuliko neno moja ambalo sisi watu wa reli twalijua tangu siku ya kwanza kazini. Neno hilo ni mizigo. Reli hailipwi na abiria. Kwenda Mombasa kwa Reli Mpya ni safari nzuri, ya saa tano au sita, nauli ilianza kwa shilingi 700 ikapanda kuwa 1,000 na mwaka 2024 ikawa 1,500, na mabehewa hujaa; hata hivyo miaka ya mwanzo mapato yote hayakutosha gharama za kuiendesha, sembuse deni. Deni la reli hulipwa na mizigo. Mizigo isipokuja kwa hiari, mwishowe huletwa kwa amri.

Tazameni yaliyotokea. Ili benki iwe na hakika ya kulipwa, Halmashauri ya Bandari ilifungwa kwa mapatano ya kuipa reli kiasi cha mizigo kila mwaka. Mizigo ilipokuwa haitoshi, amri zikatoka: makontena yaende Embakasi kwa reli, na mwaka 2019 ikaongezwa Naivasha. Madereva wa malori, makuli, wenye gereji na mama wauza chakula wa Mombasa, Mariakani, Voi na Mtito Andei walikaa wakitazama barabara tupu. Mwezi wa Novemba 2020 Mahakama Kuu ilifuta amri hizo, na mwezi wa Septemba 2022 Serikali mpya ikaurudisha Mombasa uamuzi wa mizigo. Wafanya kazi wa barabarani ni wafanya kazi kama sisi, ndugu zangu. Mimi nala kwa reli, lakini sipendi chakula changu kitokane na sahani ya mwenzangu kwa amri.

Wala si mara ya kwanza. Reli ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Ilipita Londiani, ikapita Lumbwa ambayo leo huitwa Kipkelion, ikateremka Fort Ternan. Stesheni hizo wengine wenu mmezifanyia kazi. Bunge la Uingereza ndilo lililotoa fedha, zaidi ya pauni milioni 5. Ilipokwisha jengwa, mizigo haikuwako. Bwana Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa nchi wakati ule, alisema dawa ni kuwaleta walowezi, wapewe ardhi, walime, wajaze mabehewa. Ardhi ikagawiwa. Wazee wa Kipsigis wakajikuta upande wa pili wa waya, na miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yakaanza kupanda hapa Kericho. Hakuna mzee aliyeulizwa kama anaitaka reli. Lakini mizigo ya reli ilitoka katika malisho yake.

Mtu atasema, basi tutafute mkopo usio na riba kabisa. Upo, ulikwisha kujaribiwa. Reli ya Tazara, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia, kilometa 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba hata senti, ikakabidhiwa mwaka 1976. Sehemu ya gharama za hapa Afrika ililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani Tanzania na Zambia, ndiyo maana wazee wa kule wanayakumbuka masufuria na baiskeli za miaka hiyo. Ilikusudiwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka. Haikuzifikia, na kufika mwaka 2015 ilikuwa imeshuka chini ya tani laki moja. Njia ya kusini ilikwisha funguka na malori yakachukua shaba. Riba ilikuwa sifuri, mizigo nayo ikakaribia sifuri.

Nisiwafanye mfikiri kwamba kila mkopo wa nafuu ni mtego. Mwaka 1964 shirika la IDA, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia la kukopesha nchi maskini, lilikopesha kwa ajili ya KTDA ya wakulima wadogo. Mikopo ya IDA ya siku hizo ilikuwa ya miaka 50, 10 ya kupumua, wala haikuwa na riba ila ada ya robo tatu ya 1 kwa 100. Fedha zilikwenda kwenye miche, mabwana shamba, barabara za kupitishia majani na viwanda. Mkulima alikatwa kidogo kidogo katika malipo ya majani. Mzigo ulikuwako kabla ya deni: majani yalikuwa shambani yakingoja lori. Ndiyo maana leo mtu wa Litein au Kapkoros mwenye ekari moja ana kiwanda cha kupeleka chai yake. Malalamiko juu ya bonasi mnayo, nami nayasikia kila mwaka, lakini hayo ni ya wenye kuendesha, siyo ya ule mkopo wa kwanza.

Basi turudi Bomet. Reli ikipita huko, itabeba nini? Mahindi kidogo, ng'ombe kidogo, mbolea na saruji za kuja, na chai ya kwenda. Ukweli ni kwamba mzigo mkubwa wa kwenda pwani ni chai. Leo kiwanda huchagua lori, na lori huchukua chai mpaka ghala la Mombasa. Mimi ningefurahi chai ikija kwenye reli kwa sababu reli ni rahisi na haichelewi. Sitafurahi ikija kwa amri kwa sababu pana mkataba uliofungwa mahali fulani, na gharama ikatolewa katika malipo ya mkulima na mshahara wa mchumaji. Mnada hauongezi bei kwa ajili ya reli. Gharama ikipanda hapa, hushuka kwa aliye chini.

Serikali imesema safari hii fedha hazitatafutwa kwa njia ya zamani. Ushuru wa reli wa miaka ijayo ndio utakaowekwa kama rehani ya kupata fedha sasa, na China itashiriki. Huenda ikawa afadhali. Lakini ushuru ukiisha kuwekwa rehani, hauwezi kupunguzwa hata hali ya watu ikiwa mbaya, kwa kuwa si wetu tena. Na nyie mnaokatwa NSSF mjue kwamba fedha ya mfuko huo imetiwa pia katika barabara ya kulipia kutoka Rironi mpaka Mau Summit, iliyozinduliwa Novemba 2025 pamoja na kampuni ile ile ya China Road and Bridge. Jambo hilo lataka hotuba yake, na Katibu amekwisha niahidi siku.

Neno moja juu ya reli ya zamani, maana ndiyo inayonilisha. Njia ya Nakuru mpaka Kisumu, kilometa 217, ilikuwa imelala kwenye majani kwa miaka. Ilitengenezwa na wafanya kazi wa reli, askari wa jeshi na vijana wa huduma ya taifa, kwa gharama kama shilingi bilioni 3.8, na mwezi wa Desemba 2021 gari la abiria la Kisumu likaanza tena kupita Kipkelion. Kipande cha Reli Mpya cha Nairobi mpaka Naivasha, kilometa 120, kiligharimu kama shilingi bilioni 150, nacho pia ni cha mkopo. Najua hazilingani: ya zamani ina kona kali, ni ya meta moja, na behewa lake ni dogo. Lakini mizigo ya Reli Mpya ikifika Naivasha huhamishiwa kwenye ile ile ya zamani iende mbele. Bwana mkubwa akiuliza kwa nini mizigo ya Kisumu ni michache, aulizwe kwanza injini ngapi zimetolewa kwa njia hii.

Kamati imeandika barua kwa wabunge wa Kericho na Bomet, na nakala kwa wakubwa wa reli. Haipingi reli. Yauliza nani aliyechunguza njia ya Bomet, na kama huyo ndiye atakayeijenga. Deni litakuwa la fedha gani, na riba yake inafuata kipimo gani. Kama pana kiasi cha mizigo kilichoahidiwa, ni nani aliyekiahidi, na chai imo ama haimo. Na mwenye shamba litakalopitiwa atalipwa kabla ya tingatinga kuja au baada. Hili la mwisho liliongezwa na mama mmoja wa Kamati, kwa sababu katika njia ya Mombasa wengi walingoja miaka, na mtu hali ahadi. Yaomba pia mkataba usomwe kwa Kiswahili katika mabaraza kabla haujatiwa sahihi, siyo miaka minane baadaye.

Barua iko mezani kwa Katibu mpaka Jumamosi. Wa zamu ya usiku Kipkelion na Londiani wataletewa na gari la njia. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, wino upo.